Picha Zipitazo Ukutani

Nyumba nyingi za kwetu Kilosa zina televisheni moja, nayo hukaa chumba cha mbele, mahali mwenye nyumba anapopokea wageni wake. Katika nyumba zenye nafasi kidogo aghalabu utaona na ya pili, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, iliyotolewa mbele siku mpya iliponunuliwa, ikapelekwa chumba cha ndani. Hapo ndipo taabu huanza. Televisheni hiyo ya ndani ina kioo na ina sauti, lakini haina cha kuonyesha. King'amuzi ni kimoja, kadi ni moja, malipo ya mwezi ni ya mahali pamoja, na waya wa dishi umeingia kwa dirisha la mbele. Basi wanaume na wageni wao hukaa wakatazama, na wanawake na wazee walio ndani husikia sauti tu, kama watu wasikiao harusi ya jirani.

Mambo hayakuwa hivi tangu asili. Unguja walipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, na sisi wa Bara tulikaa bila kitu hicho hadi mwaka 1994. Tangu hapo, mahali mawimbi yalipofika, kila televisheni ilijitegemea: mtu alisimamisha antena yake juu ya mti, akashusha waya, akapata picha. Kisha usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya mtindo wa zamani ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata moja baada ya moja. Kuanzia hapo televisheni ya kale haikuweza kusoma mawimbi mapya peke yake, ikahitaji king'amuzi cha kuifasiria. Nyumba yenye televisheni mbili ikawa yahitaji vifasiri viwili, na mtu wa kipato chetu hushindwa hata kukilipia kimoja mwezi wote.

Kwa sababu hiyo watu wakaanza kununua vile visanduku viwili vinavyopeleka picha kutoka chumba hata chumba pasipo waya. Nami nataka kuwaeleza wasomaji habari zake, maana nalivitumia, nikavisifu mbele za watu, na baadaye nikavionea haya.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, anakaa Mikumi, nyuma kidogo ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya hata Zambia. Mama yake mzazi ni mtu mzima sana, na mwaka 2014 miguu ilikuwa imekwisha kumshinda, hatoki chumba cha nyuma ila kwa kubebwa. Katika siku za hija ya mwaka ule, dishi la shemeji likipokea Makka, mama alikuwa akisikia talbiya kupitia ukutani. Siku moja akamwambia mwanawe, "Baba, Makka mimi naisikia tu. Naondoka duniani sijaiona, na hali iko humu humu ndani ya nyumba yangu?"

Maneno hayo yalimchoma shemeji. Akapanda basi hadi Morogoro, akarudi na visanduku viwili, akaniita kutoka Kilosa, kwa kuwa katika ukoo ule mimi ndimi nidhaniwaye kujua kusoma vikaratasi vya maelezo. Kila kisanduku kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha Juzuu Amma, na juu yake kibati cha mviringo kinachoinuliwa kama kifuniko cha sufuria. Kimoja hukaa mbele, kikaunganishwa na king'amuzi au na deki kwa zile nyaya tatu: ya njano ni ya picha, nyeupe na nyekundu ni za sauti. Cha pili hukaa ndani, kikaunganishwa na televisheni ya pili kwa nyaya kama hizo. Vibati vikaelekezwa kutazamana, umeme ukawashwa, na picha ikatokea. Nyuma ya kila kisanduku palikuwa na swichi ndogo yenye alama nne, 1 hadi 4, na sharti lilikuwa moja tu, alama za pande zote mbili zilingane. Nalivikuta vyote kwenye 1, nikaviacha hapo hapo.

Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2014, siku ya Arafa, mama yule aliinuliwa akaegemezwa mito, akawaona mahujaji kwa macho yake. Mimi sikuwapo, lakini dada yangu alinisimulia kwamba alikaa tangu adhuhuri hata jua kuchwa, chakula hakukigusa, kila mara akiuliza, "Na yule naye ametoka wapi?" Hata leo nikikumbuka hayo siwezi kukilaani kisanduku kile moja kwa moja.

Disemba ya mwaka ule ule binti wa nyumba ile akaolewa. Usiku wa wanawake, ule wa ndani ambao mwanamume haingii, ulipigwa picha na mwanamke kwa ajili ya wanawake. Walikuwa kama wanawake wawapo peke yao, vichwa wazi, wamejipamba, wakicheza. Wiki mbili baadaye sahani ya picha hizo ikaletwa. Dada yangu akangoja wanaume watoke kwenda sala ya isha, akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akashusha mapazia, akaitia sahani katika deki. Kwa kuwa bibi wa mwali hakuweza kuja mbele, alimwashia na kisanduku ili naye aone huko aliko. Sioni kosa lolote katika aliyoyafanya. Milango ilifungwa, mapazia yalishushwa. Aliyekuwa hajui ni mimi niliyemfungia.

Ng'ambo ya ua, kiasi cha hatua ishirini, alikuwa amepanga kijana mwenye duka dogo la mbele na chumba cha nyuma. Naye alinunua visanduku vya namna ile ile, apate kutazama mpira chumbani baada ya kufunga duka. Swichi yake nayo ilikuwa kwenye 1, kama ilivyotoka dukani. Usiku ule aliwasha cha chumbani kabla ya kukiwasha cha dukani, akitazamia kioo cheusi, akaona harusi.

Kijana huyu namwombea heri kila nimkumbukapo. Alizima. Alfajiri alimngoja shemeji nje ya msikiti hata watu wakatawanyika, ndipo akamwambia:

"Kaka, nina neno, nami naona haya kulisema. Jana usiku kioo changu kilileta watu wa nyumbani kwako."

"Watu gani?"

"Sikukaa nikawatazama. Nalimtambua mama kwa sauti, nikazima."

Shemeji hakuniletea salamu ndefu katika simu. "Mwalimu," alisema, "hicho ulichotufungia kimetutoa nje." Asubuhi ya pili nikapanda gari la Kilosa kwenda Mikumi, tukapita Ulaya (hii ya kwetu, si ile ya Wazungu), tukapita Zombo, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitamtazamaje dada yangu usoni.

Tukafanya jaribio. Chumba cha mbele tuliweka taarifa ya habari. Shemeji akabeba kisanduku cha kupokea, mimi nikabeba televisheni ndogo, na mtoto akatufuata akikunjua waya mrefu wa umeme. Uani, picha safi. Kwa yule kijana, picha safi. Tukatoka hata penye banda la mama muuza chai, karibu hatua arobaini kutoka ukuta wa nyumba, na msomaji wa habari bado alikuwa akisoma. Baada ya hapo picha ikaanza kuchanika michirizi. Upande wa nyuma tu, palipo choo cha kuogea kilichozungushiwa bati, ndipo picha ilipokatika mara moja. Mama muuza chai akatuuliza tunauza televisheni shilingi ngapi.

Nilikwenda nikamuuliza fundi wa redio, mzee wa Kilosa aliyeshika kazi hiyo tangu siku za redio za mbao, naye ndiye aliyenifumbua macho. Alisema kisanduku kile ni kituo cha utangazaji, kidogo tu kuliko vituo vingine. Mawimbi yake hugeuka mara milioni 2,400 kwa kila sekunde, na wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, kama kiganja cha mtu pamoja na sehemu ya vidole. Wimbi la namna hii hupita tofali la kuchoma kama maji yapitavyo kikapu, likipungua nguvu kidogo. Linalolizuia ni chuma, yaani bati, kabati la chuma, au zege lenye nondo nyingi, na linalolinyonya ni maji, kama tangi lililojaa. Ndiyo sababu upande wa choo ulitusitiri na pande nyingine hazikutusitiri. Karatasi ya kisanduku ilisifu kwamba kinafika mita 100 mahali peupe na mita 30 penye kuta. Sisi tulipoisoma tulifurahi, tukadhani ni sifa ya kumfikia mama kitandani, wala hatukufikiri kwamba nyumba yetu haina mita 30 toka ukuta hata ukuta.

Nikamwuliza, "Je, nikiihamisha swichi toka 1 hata 3?"

Mzee akacheka. "Milango iko minne tu, Mwalimu. Mwenye kisanduku kama chako ataigonga yote kwa nukta nne."

Kumbe visanduku vya mtindo ule hupeleka picha tupu, haina kufuli, haina siri. Yeyote mwenye kipokezi cha jamii ile huona na kusikia, na mwenye kupeleka hana njia ya kujua. Lau kijana yule angenyamaza, mpaka leo tungekuwa tukitangaza.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu kwa kuwa ni watu wa shamba. Mwezi wa Aprili 2002 gazeti la New York Times lilieleza jinsi mwandishi wake alivyozunguka kwa gari pamoja na mafundi katika vitongoji vya New Jersey, Marekani, wakiwa na kipokezi cha kawaida, wakaona ndani ya nyumba za watu. Watu hao walikuwa wameweka kamera zisizo na waya wapate kuwaangalia watoto wao na walezi, na picha hizo zilikuwa zikimwagika barabarani. Juni 2007 katika mji wa Palatine, jimbo la Illinois, mama mmoja alitazama kioo chake cha kumwangalia mtoto mchanga, badala ya mtoto akaona wanaanga wa chombo cha Atlantis kilichokuwa angani wakati huo. Shirika la NASA likasema picha hizo hazikutoka moja kwa moja katika chombo. Mtu akiifikiri kadhia hiyo ataona sababu iliyo karibu zaidi: picha za NASA zilikuwa wazi kwa kila atakaye, na yamkini jirani alikuwa akizitazama na kuzirusha chumba hata chumba bila kujua. Watu wakacheka, gazeti likauzwa. Lakini kama mawimbi ya jirani yaliingia kwa mama yule, basi na ya kitanda cha mtoto wake yalikuwa yakitoka.

Vifaa vya siku hizi ni vya namna nyingine. Vingi hugeuza picha kuwa tarakimu, huifunga kwa ufunguo, na visanduku viwili hujuana kwanza kabla ya kupelekeana kitu, hata wa tatu akinasa mawimbi hupata fujo isiyosomeka. Na wengine hawanunui visanduku tena, bali hutumia Wi-Fi ya nyumbani kurusha picha kutoka simu ya mkononi hadi televisheni. Ni salama zaidi, sikatai, maadamu ufunguo ni ufunguo kweli. Nimeingia nyumba ambamo neno la siri la Wi-Fi limeandikwa kwa chaki mlangoni, na nusu ya vijana wa mtaa wanalo. Tena yapasa kujua kwamba mlango huu hufunguka pande zote mbili, kwani ziko televisheni ambazo, zisipokatazwa katika mpangilio wake, hupokea picha ya simu yoyote iliyo karibu pasipo kuuliza. Watoto wako wamekaa wanatazama katuni, mara kioo kinaonyesha alichochagua kijana wa nyumba ya pili. Mwenye televisheni ya namna hiyo na aingie katika mpangilio, aiamuru idai namba kabla ya kumpokea mtu.

Kabla ya kununua yafaa pia kuangalia kama kifaa kimekubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa maana Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 yataka vifaa vya mawasiliano vipate idhini. Chetu hatukuangalia.

Liko na jambo dogo la hivi vipya ambalo wenye kufunga Ramadhani nawaomba walisikilize. Kufunga picha kwa tarakimu na kuifungua kwahitaji muda, hata chumba cha ndani hupata jambo nyuma ya chumba cha mbele, pengine kwa sekunde nzima au zaidi. Mpira utashangiliwa mbele kabla bao halijaingia ndani. Watu wa ndani hunung'unika kwamba adhana ya magharibi nayo huwachelewea. Mimi nawaambia kuchelewa huko si neno kabisa, neno ni kuwahi! Adhana itolewayo katika televisheni ya Dar es Salaam ni ya jua la Dar es Salaam. Kilosa iko magharibi yake kwa digrii mbili na zaidi kidogo, na jua huchukua dakika nne kwa kila digrii, basi jua la kwetu na la Mikumi huchwa kama dakika 9 baada ya lile la pwani. Nimekuta nyumba nzima, watu wema, wakifungua kwa kioo na jua lingali juu ya milima. Futari na ifuate jua la mahali ulipo au muadhini wa msikiti wako.

Narudi Mikumi. Baada ya jaribio letu twalikaa mkutano, shemeji, dada yangu na mimi. Shemeji alitaka kununua visanduku vya mtindo mpya, vyenye kufuli. Nami kwa kutaka kuokoa uso wangu nalimuunga mkono, nikaanza kueleza habari za tarakimu na funguo. Dada yangu alinyamaza hata nilipokwisha, kisha akasema, "Kaka, mimi hayo siyajui. Nataka waya, niuone unapoanzia na niuone unapoishia."

Tukanunua waya. Ilitosha mita 18, tukaupitisha juu ya dari, tukatoboa tundu mbili za kidole, na bei yake haikufika robo ya bei ya visanduku. Picha yake ni safi kuliko ile ya zamani, maana haipatani na tanuri za umeme wala Wi-Fi ya mtu, ambazo hutumia mawimbi yale yale ya milioni 2,400 na kuitia michirizi. Mwenye nyumba iliyojengwa kwa zege zito, au asiyeruhusiwa na mwenye nyumba kutoboa, hana budi atafute chenye kufuli. Aliye na nyumba ya tofali na dari kama yetu, sioni kwa nini apeleke hewani.

Waya ulitunyima jambo moja. Visanduku vile vilikuwa vikirudisha na amri ya rimoti toka ndani hadi mbele, kwa kuwa mwanga wa rimoti, ijapokuwa jicho halioni, ni mwanga kama wa taa, na ukuta huuzuia. Waya wetu haurudishi kitu. Mama alipoambiwa kwamba hataweza tena kubadili mwenyewe, hakusema kitu kwa muda. Akauliza kwanza kama yule kijana aliyezima alipelekewa pilau ya harusi, akaambiwa hakupelekewa, akaamuru apelekewe chakula siku ile ile. Kisha akaomba bakora yake isogezwe karibu na kitanda. Akitaka Makka hugonga ukuta mara mbili, akitaka habari mara tatu, na mjukuu aliye mbele humbadilishia.